Mashavu ya Mama Barabara ya Ggaba

Nimeandika majina ya maduka ya tatuu mengi kuliko majina ya misikiti, na mimi ni Mwislamu wa Kibuli, kilima cha msikiti hapa Kampala. Nalisema hili mwanzoni ili anayesoma ajue nilikuwa mtu wa namna gani.

Kazi yangu ni kuandika mabango kwa mkono: kwenye kuta, kwenye mabati, kwenye mbao, kwenye milango ya vibanda. Zamani niliandikia saluni, maduka ya dawa, bucha na shule za chekechea. Halafu ikaja mitambo ya kuchapisha, na wateja hao wakanihama mmoja mmoja, wengine bila hata kunisalimu wanapopita. Waliobaki ni wachora tatuu. Hao wanapenda herufi za mkono, maana wao wenyewe wanaishi kwa mkono.

Tena wanapenda majina. Mwenye duka la dawa huja na jina lake tayari, la mwanawe au la mtakatifu wake. Mchora tatuu huja hana kitu, anakaa kwenye benchi langu barazani, anasema, "Mzee, nipe kitu cha kumsimamisha mtu." Nikawa fundi wa kubuni. "Usimwambie Mama" ni jina langu. Lilikuwa Kansanga, juu ya baa, na wanafunzi walisimama chini yake wakipigana picha. "Sindano Haina Haraka" ni langu. "Kaa Nayo" ni langu pia, lipo Namuwongo karibu na reli, kwenye chumba kimoja cha mabati ambacho huwezi kunyoosha miguu ndani yake. "Tebisangulika", neno la Kiganda la kusema kwamba hivi havifutiki, sikulibuni mimi, lakini herufi zake nilizichora kama uzi unaoshona ngozi, na sijafanya kazi bora kuliko ile.

Jina moja niliandika nikijua ni kosa. Kijana mmoja wa Namuwongo alitaka duka lake liitwe Kalamu ya Damu. Hapa Kampala wengi tunachanganya r na l, na yeye aliniletea karatasi iliyoandikwa Karamu ya Damu. Nikamwambia, "Kijana wangu, hii uliyoandika ni sherehe ya kula. Wewe unataka kalamu, ya kuandikia."

Akanitazama kama mtu anayetaka kumpunja. "Mzee, andika vile mimi naandika. Kiswahili iko moja tu."

Nikaandika. Kabla mwezi haujaisha, walokole wa mtaa ule walikuja na gitaa na kipaza sauti, wakasimama mbele ya mlango wake siku tatu mfululizo wakikemea pepo wanaokaa mezani kunywa damu. Wateja waliona aibu kupita katikati yao. Kijana akafunga duka. Mimi nililicheka jambo hilo mwaka mzima, nikawasimulia wote waliokaa kwenye benchi langu. Nilikuwa mtu wa kuona ubaya wa jambo, kuliandika vivyo hivyo, kisha kucheka.

Nyumbani sikusema. Mama alipouliza naandika nini siku hizi, nilimjibu kuwa ni mabango ya vinyozi.

Sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa kutoka Sudan na Waingereza. Mama ni miongoni mwa wasichana wa mwisho kuchanjwa usoni. Ana chale tatu kila shavu, ndefu, zimesimama wima toka chini ya jicho mpaka usawa wa mdomo. Watu wa mjini waliziita moja moja moja, kwa kuwa zinafanana na tarakimu hizo zikisimama pamoja. Serikali ya wanajeshi, iliyojaa askari wa kabila letu, ilipoangushwa kwa vita, nikiwa na miaka kumi na mmoja, maneno hayo yalitosha kumuua mtu. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa na chale kama zake. Alishushwa kwenye gari penye kizuizi cha barabarani, mtu mmoja akamnyooshea kidole akasema, "Huyu ni moja moja moja," na hatukumwona tena. Hakuwa askari. Alikuwa fundi cherehani, alishona sare za shule.

Tulijificha kwa jamaa zetu Bombo, tukarudi Kibuli mambo yalipotulia. Katika kumbukumbu yangu, tangu tuliporudi mama alitembea na ukingo wa mtandio ameuvuta mpaka mdomoni. Alifanya hivyo jikoni, kwenye harusi, hata mbele ya wajukuu. Nilijua sababu yake ni vita, na kwa kuwa nilijua, sikuwahi kumuuliza.

Basi akaja mwanamke mmoja Mkenya. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, alikuwa amefanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja ya mjini, akaacha, akafungua chumba cha tatuu Kansanga, kando ya barabara ya Ggaba. Mikono yake yote ilikuwa imechorwa, lakini siku aliyopanda kuja kwetu alivaa shati la mikono mirefu, akalifunga mpaka kwenye vifundo vya mikono. Nilimpenda kwa hilo.

Nilimtolea majina yangu. Nilimpa "Ngozi Yangu, Shauri Yangu". Nilimpa "Uchungu wa Leo". Alisikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa.

"Mzee, hizi ni za kuchekesha," alisema. "Mimi sitaki mtu acheke. Nataka jina ya kumfanya mtu anyamaze kidogo."

Hilo lilinichoma. Nilikuwa bado nafikiria la kumjibu mama alipotoka na chai. Sinia ilihitaji mikono miwili, na alipoinama kuiweka, mtandio ukamponyoka ukaanguka begani. Wageni wetu wanapoona uso wa mama huwa wanatazama pembeni, kwa heshima au kwa woga, sijui. Yule mwanamke hakutazama pembeni.

"Mama," akasema, "naomba nikuulize kitu, na ukikataa sitakasirika. Nani alikuchanja?"

Nikaingilia kati. "Mama huwa haongei mambo hayo."

Mama alikuwa ameshaushika mtandio. Akauacha. Akavuta kigoda, akakaa.

"Alikuwa shangazi ya baba," akasema. "Mkono yake ilikuwa mwepesi kuliko ya wote."

Akasimulia. Walimlaza uani, kichwa chake kikabanwa katikati ya magoti ya mama yake. Wembe ulikuwa mpya. Walimsugua masizi yaliyochanganywa na mafuta, kisha wakamkataza kucheka siku nane ili mistari isipinde. "Siku hizo zote nane nilitaka kucheka," mama alisema. "Ndugu yangu alikaa mbele yangu akinifanyia sura ya mbuzi." Alipopona alipewa kuku na gauni lenye maua, akazungushwa nyumba kwa nyumba, na wanawake walimshika kidevu wakimgeuza huku na huku waone kazi.

Nilikuwa na zaidi ya miaka hamsini, na nilikuwa nikisikia haya kwa mara ya kwanza, tena nikiwa pembeni, akisimuliwa mgeni.

"Naweza kugusa?" yule mwanamke aliuliza.

Mama akasogeza uso mbele. Mwanamke akapitisha kidole kwenye chale moja, juu mpaka chini, polepole, kama ninavyopitisha mimi kidole kwenye ubao kabla ya kupaka rangi. "Huyo mama alikuwa fundi," akasema. "Mimi niko na mashine ya umeme, na siwezi kunyoosha mistari namna hii. Ni nzuri sana."

Mama alicheka. Alicheka na meno yake yote nje, mkono umelala mapajani.

Yule mwanamke alirudi wiki iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo. Alipita benchi langu akinisalimu vizuri, akaingia moja kwa moja kwa mama. Niliwasikia wakiongea mpaka adhana ya alasiri. Siku ya tatu mama aliniita ndani. Walikuwa wamekaa kitanda kimoja.

"Tumepata jina," mama alisema.

"Jina gani?"

"Moja Moja Moja."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Kisha akanipangia kazi kama anayeniagiza sokoni. "Wewe ndiye utachora. Uso tu, macho na mashavu. Mtandio uweke bluu, tena uweke nyuma, usifunike kitu."

"Mama, unajua duka hilo ni la nini?"

"Ni la kuchanja. Mimi nimechanjwa. Nani atanieleza?"

"Ni haramu."

"Na wale vinyozi wako?" mama alisema. "Unafikiri sijui unaandika wapi? Rangi ya vinyozi ni nyekundu na bluu. Wewe unarudi na nyeusi tu kwenye kucha."

Nilimwambia sichori. Nilimwambia jina hilo ndilo lililomuua mjomba, na kwamba sitalipandisha juu ya barabara kwa mkono wangu. Niliyasema kwa sauti ya mtu mwenye haki, na nilijiamini. Lakini nikiwa mkweli, kulikuwa na jingine. Miaka yote nilikuwa mtu wa majina. Mama, asiyejua kuandika hata lake mwenyewe, alikuwa ametoa jina moja kwenye kitanda chake, nami nikaona yangu yote yamekuwa vichekesho.

Mwanamke akasimama, akachukua mkoba wake. "Sawa mzee, sikulazimishi. Lakini mama ameshakubali, na picha ameshanipa. Nitachapisha mjini."

Aliichapisha. Niliiona nikiwa nyuma ya boda boda, nikienda Kansanga kwa kazi nyingine. Lilikuwa turubai kubwa la plastiki, limevutwa kwenye fremu ya chuma juu ya mlango. Uso wa mama ulikuwa mkubwa kuliko mlango wenyewe. Chale sita zilionekana wazi kutoka ng'ambo ya barabara, na chini yake hakukuwa na neno jingine ila Moja Moja Moja. Mwenye boda aliniuliza kama huyo ni malkia wa wapi. Nilimwambia aendeshe.

Ijumaa hiyo, baada ya swala, baba yangu mdogo alikuja nyumbani na wazee wawili. Hawakuingia ndani kwa mama; walikaa nami barazani. Baba mdogo ni mtu mpole, hajawahi kunipandishia sauti.

"Mwanangu," alisema, "tumesikia uso wa mama yako umetundikwa juu ya duka la tatuu, jirani na baa. Mjane wa kaka yangu. Jambo hili umelijua?"

Ningeweza kusema kwamba amekubali mwenyewe. Ningeweza kumwita atoke awajibu, na najua angewajibu. Mlango ulikuwa hatua nne kutoka tulipokaa. Nikasema, "Alidanganywa. Ni mzee, hakuelewa."

Wote watatu wakatikisa vichwa kwa huruma. "Basi wewe ndiye mwanawe," baba mdogo akasema. "Tengeneza."

Kesho yake asubuhi nilibeba ngazi na kopo la rangi nyeusi ya mafuta nikaenda Kansanga. Yule mwanamke alikuwa anafungua kufuli.

"Mzee, kuna nini?"

"Mama amebadili mawazo," nilisema. "Amenituma nifute."

Akaliacha kufuli. "Amesema yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Hakubishana. Pale mbele ya duka lake ardhi imeinama kuelekea mtaroni, na ngazi yangu ilikuwa inayumba. Alipoona hivyo akaja akaishika kwa mikono miwili, akaibana kwa goti. Nilipanda. Nikapaka shavu la kulia, kisha la kushoto, brashi pana, mara mbili kila moja ili plastiki isibaki inang'aa. Macho nilishindwa. Nilijiambia mashavu yanatosha. Niliposhuka, rangi ilikuwa imemdondokea kwenye mkono, juu ya michoro yake. Alijifuta na kitambaa. "Mwambie mama sina kinyongo," alisema. "Mwambie nitakuja kumsalimu." Nikamjibu ndiyo, nitamwambia. Sikumwambia.

Kitu ambacho sikujua ni kwamba mama alikuwa hajaliona bango lile. Goti lilikuwa linamsumbua, na alikuwa anangoja lipoe. Jumapili alimwomba binti yangu mkubwa ampeleke. Mimi nilikuwa Namuwongo, juu ya mbao, naandika mlango wa mtu. Haya yaliyofuata nilielezwa na binti yangu.

Mama alivaa nguo zake za kuendea harusi. Alijifunga mtandio wa bluu, akausukuma nyuma. Wakakodi gari. Njia nzima aliongea. Walipofika, aliomba wasimame ng'ambo, ili aone vizuri. Akasimama akishika mkono wa binti yangu, akatazama juu.

"Nani amenipaka masizi?" aliuliza.

Yule mwanamke aliwaona kupitia dirishani, akavuka barabara anakimbia akiwa bado amevaa glavu. "Mama, si wewe ulimtuma mzee?"

Binti yangu anasema mama aliuvuta mtandio mbele, akaomba warudi.

Nilimkuta chumbani kwake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na hasira ningeiweza. Alikuwa ametulia, amekaa kitandani, viatu vya harusi bado miguuni.

"Nilitaka kuiona mara moja tu," alisema.

"Mama, nilikuwa nakulinda. Tangu vita unajificha uso. Nilijua hukufikiria vizuri."

"Tangu vita?" Alinitazama kama aliyenisikia nikiongea lugha ngeni. "Nani amekwambia ni vita? Sisi tulirudi kutoka Bombo mimi niko uso wazi. Nilikaa sokoni hapo chini nauza kabalagala, maandazi ya ndizi, uso wazi. Watu walisema maneno yao, nikawahesabia maandazi yao, wakaenda. Ndugu yangu alikuwa ameshakufa. Wangenifanya nini zaidi?"

Nikaweka brashi zangu sakafuni.

"Wewe ndiye ulinifunika," alisema. "Ulikuwa darasa la saba. Ulirudi kutoka shule ukasema, mama, ukija siku ya wazazi ufunike uso, watoto wananiita mtoto wa moja moja moja. Ulikuwa na shati lenye kifungo kimoja cha rangi nyingine, mimi ndiye nilikishona. Nikafunika. Halafu nikaona, nikifunika siku moja moja nitasahau, nitakuaibisha. Bora nifunike siku zote."

Nilitaka kumwambia sikumbuki. Na ni kweli, sikumbuki. Nimejaribu mara nyingi tangu hapo, nimekaa na kulitafuta shati lile, kifungo kile, mlango niliosimama nikiyasema, na sipati kitu. Yeye ameibeba siku hiyo zaidi ya miaka arobaini, mimi niliiacha njiani siku hiyo hiyo.

"Miaka yote hiyo," mama alisema, "hakuna mtoto wangu aliyeniambia ni nzuri. Mgeni aliniambia."

Jumatatu nilirudi Kansanga na rangi zangu zote. Nilitaka kuchora upya, kwa mkono, bure, kubwa zaidi. Fremu ya chuma ilikuwa tupu. Yule mwanamke alitoka mlangoni lakini hakunikaribisha ndani.

"Nimelitoa," alisema. "Nitaandika Tatuu tu, watu wataelewa."

"Naomba nirekebishe. Mama alikuwa amekubali. Mimi ndiye nilisema uongo."

"Najua, mzee. Aliniambia kwa simu." Akaegemea mlango. "Ile ilikuwa ya mimi na yeye. Wewe hukuwepo. Sasa utarekebisha nini?"

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Miezi michache baadaye alihama, na jirani yake aliniambia amerudi Kenya, mwingine akasema yuko Entebbe. Yeye na mama wanapigiana simu. Mama anapoongea naye hufunga mlango.

Yapo maduka mapya ya tatuu, na wachoraji bado wanapanda kwetu kunitafuta. Wakiniomba jina, nawaambia waje nalo wenyewe. Wengi hudhani naringa.

Mama siku hizi hukaa uso wazi. Hukaa hivyo na wajukuu, na majirani, na muuza maziwa, na binti yangu ananiambia kwamba anaweza kukaa barazani tangu asubuhi mtandio ukiwa mabegani. Mimi sijamwona hivyo. Anaposikia hatua zangu huuvuta mpaka mdomoni, ananiuliza kama nimekula, ananionyesha ilipo chai. Nimemwomba asifanye hivyo. Alinijibu kwa upole kwamba ameshazoea.

Wazee hawajui lolote katika haya. Baba mdogo akiniona msikitini hunishika mkono kwa mikono yake miwili, huwageukia walio karibu na kuwaambia kwamba huyu ndiye aliyeilinda heshima ya mama yake. Nami huinamisha kichwa, nasema tunamshukuru Mungu, na kutafuta viatu vyangu.